Winchi na Ngazi Hamsini na Nne

Mimi ni fundi wa kuchomelea, na watu wakisikia vijana wakiniita kocha hucheka, nami siwalaumu. Mchana karakana yangu inatengeneza mageti na madirisha. Ikifika saa kumi na nusu nazima mashine, nafagia vipande, naegemeza mageti ukutani, na sakafu inakuwa ya wanyanyua vyuma. Sahani zote za uzito nilizikata mwenyewe kutoka kwenye chakavu, nikazipima kwenye mizani ya jamaa anayenunua vyuma vikuukuu, nikazipiga tupa mpaka kila moja ikawa na uzito ulioandikwa juu yake. Hilo nalisema makusudi. Mimi ni mtu wa vipimo. Dirisha likipinda nusu sentimita, chakula hakinipiti kooni mpaka linyooke. Ndiyo maana hii habari bado inanikera kuliko ambavyo ningependa.

Yule binti alikuja kwangu akiwa na miaka kumi na sita, na hakuja kwa mambo ya vyuma. Alikuja na kitanda cha chuma kichwani, kizima kizima, mguu mmoja wa kitanda umekatika. Nikamuuliza nani kamsaidia kukifikisha.

"Anisaidie nini?" akasema. Alikuwa hata hahemi.

Kitanda kilikuwa cha mama yake. Mama huyo alikuwa mfagizi hospitalini, akateleza na ndoo ya maji kwenye ngazi, uti wa mgongo ukaumia, miguu ikafa. Nilichomelea kitanda bure, halafu nikamwambia binti arudi jioni ajaribu kitu. Vijana walipomwona siku ile ya kwanza wakampachika jina la Winchi, ile mashine ya kunyanyulia mizigo. Alinuna wiki nzima. Baadaye akazoea, na mwishowe ukimwita kwa jina lake alikuwa hageuki.

Mwaka wa kwanza alipanda kama mchezo. Chuma kutoka sakafuni hadi mabegani, kutoka mabegani hadi juu ya kichwa: arobaini, hamsini na tano, sabini. Nina daftari moja lenye jalada la bluu ambamo naandika kila kitu, nani kanyanyua nini, mara ngapi, siku gani. Kurasa zake zilikuwa zinapendeza kuzitazama. Alipofika miaka kumi na tisa alikuwa ananyanyua themanini na tano. Hapo akakwama.

Kukwama kwenyewe sasa. Miezi mitano. Themanini na tano inapanda, themanini na sita inakataa, kilo moja tu. Nilimbadilishia mshiko. Nilimpunguzia mazoezi, nikamwongezea, nikamtukana kidogo kwa nia njema. Chuma kinafika mabegani, anachuchumaa nacho, na kusimama hawezi. Miguu inatetemeka, anakiachia. Nilikuwa naona haya kuandika kitu kilekile kila wiki.

Na haikuwa kiburi cha mazoezi. Kiwanda cha saruji kule ng'ambo ya reli kina timu, na kila mwaka kinachukua wanyanyuaji wawili, kinawaajiri kabisa, kwa mshahara na bima ya matibabu inayomhesabu na mzazi. Kwa msichana wa uzito wake walitaka tisini mbele ya waamuzi. Daktari alishasema mgongo wa mama unaweza kupasuliwa. Kutembea hatatembea, ila angeweza kukaa mwenyewe na kujigeuza mwenyewe. Kilo tano ndizo zilizokuwa zinatenganisha yule mama na huo upasuaji. Winchi alikuwa anajua, mimi nilikuwa najua.

"Nyumbani unafanya kazi gani?" nikamuuliza siku moja.

"Za kawaida, Fundi."

"Kawaida gani?"

"Kufua. Kupika. Kwani watu wanafanya nini nyumbani?"

Daftari lilikuwa linaniambia kitu kingine. Kwa kilo alizokuwa ananyanyua kwangu hakutakiwa kuchoka vile. Alikuwa anafika tayari kaisha. Basi asubuhi moja, kabla sijafungua karakana, nikaenda kwao mwenyewe kuona.

Wanakaa ghorofa ya tatu kwenye jengo la zamani ambalo bafu na bomba la maji viko chini, uani. Nilikuwa bado natafuta mlango nikawaona wanashuka. Mama mgongoni, mikono imezunguka shingo ya binti, miguu inaning'inia. Winchi anashusha hatua mojamoja, ubavu ukutani. Nilizihesabu ngazi zile. Hamsini na nne.

"Shikamoo, Fundi," akasema alipofika chini, hakufurahi kuniona.

"Usishangae, Fundi," mama akasema, kabla hata hajakalishwa. "Mimi ndiyo sahani kubwa kuliko zako zote. Umesahau kunichonga namba tu."

Nilicheka. Alikuwa mwanamke wa kuchekesha yule, ana ulimi, hana dogo. Alikalishwa kwenye kiti karibu na bomba, juani, na majirani wakaanza kumjia mmojammoja na habari za mji mzima. Mchana jua likizidi, Winchi anachomoka kazini dakika chache kumpandisha. Jioni, kabla ya mazoezi, anashushwa. Magharibi anapandishwa tena. Kila siku ya Mungu, miaka mitatu, na kwenye daftari langu hakuna hata mstari mmoja wa mambo hayo.

"Dada, una kilo ngapi?" nikamuuliza mama.

"Sabini na mbili. Walinipima hospitali."

Nikaanza kupiga hesabu pale pale, kwa sauti. Sabini na mbili, ngazi hamsini na nne, mara mbili kushuka, mara mbili kupanda, hakuna siku ya kupumzika. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyegundua kwa nini geti halifungi. Nikasema, na nayakumbuka maneno yangu yote, "Basi ndiyo hii inayomzuia. Miguu inakwisha hapa ngazini kabla hajafika kwangu."

Mdomo wangu haujawahi kuwa na breki. Winchi alinikazia macho nikaona kabisa kwamba nimekosea, lakini yalikuwa yamekwisha kutoka. Mama aliinua macho akazitazama zile ngazi. Kisha akasema tu, "Kumbe."

Wiki iliyofuata Winchi akaja na habari kwamba mama hataki tena kushuka. Anasema jua linamuumiza macho, na majirani wamemchosha kwa umbea. Anaoga kwa beseni chumbani.

"Na kumgeuza je?" nikauliza, kwa sababu mtu wa hali ile hugeuzwa kila baada ya saa mbili.

"Anasema anataka bomba la chuma juu ya kitanda, ajivute. Anasema asubuhi nisihangaike, nikitoka kazini nitamkuta kageuka." Winchi alikuwa anafanya kazi kwa dobi pale jirani, kupiga pasi, kutwa amesimama.

Lile bomba nililitengeneza kwa mikono hii. Nilipima urefu wa mkono wa mama, nikachomelea nguzo mbili, nikalipaka rangi ya kijivu, nikalifunga kichwani pa kitanda. Mama akalishika mbele yetu, akajivuta kidogo, akasema, "Mnaona? Nimekuwa mwanamichezo na mimi." Tukacheka wote watatu.

Na chuma kikapanda. Siku ya kumi, themanini na sita. Sikuamini, nikatoa sahani nikaenda kuzipima upya kwa jamaa wa chakavu. Zilikuwa sawasawa. Wiki ya tatu, themanini na saba. Wiki ya tano, themanini na nane, na alikisimamisha kile chuma bila kutetemeka. Vijana waliacha mazoezi wakamtazama. Mimi nilikuwa naandika kwenye daftari.

Siku tisa kabla ya mchujo wa timu ya kiwanda nilipita kwao mchana kukaza nati za lile bomba. Winchi alikuwa kazini. Mama alikuwa amelala chali, kafunikwa mpaka kidevuni, uso umekonda. Nikashika bomba, na hapo nikaona. Rangi ilikuwa mpya vilevile. Chuma kinachoshikwa mara nane kwa siku huchubuka, hung'aa mahali pa viganja, huwa na alama. Hiki hakikuwa na chochote. Hakikuwa kimeguswa tangu siku ile tuliyocheka. Na chumbani, chini ya harufu ya sabuni, kulikuwa na harufu nyingine.

"Funga mlango, Fundi," mama akasema.

Nikafunga.

"Siwezi kujivuta. Siku ile nilijikaza kisabuni, basi. Mgongoni mpaka makalioni kumeoza, na chakula hakinipiti. Akija kunifuta namwambia nimeshajifuta, aweke beseni aende mazoezini."

"Namwita nesi."

"Nesi akija, mwanangu atajua. Akijua, atanibeba. Atanishusha, atanigeuza usiku kucha, na atarudi palepale kwenye themanini na tano yenu." Hakuwa analia. Alikuwa anazungumza kama mtu anayepanga safari. "Siku tisa tu. Akishaajiriwa watanipeleka hospitali kubwa na bima yao, watanitibu vyote kwa pamoja. Siku tisa ni nini? Nimelala hapa miaka mitatu."

Sitasema alinilazimisha. Nilisimama pale na spana mkononi, nikajiambia anachosema kina hesabu yake. Ukweli ni kwamba nilikuwa naitaka tisini. Niliitaka mimi, fundi wa mageti ambaye hajawahi kumfikisha mtu yeyote popote. Nikamwambia, "Sawa, dada." Nikashuka zile ngazi nikarudi kazini, na Winchi alipokuja jioni akaniuliza kama nati zilikuwa zimelegea, nikamwambia kidogo.

Siku ya mchujo, ukumbi wa kiwanda, asubuhi. Alianza na themanini na tano, ikapanda kama anainua tofali. Akaomba tisini. Alikivuta chuma hadi mabegani, akachuchumaa, akasimama, akakisukuma juu, taa tatu nyeupe za waamuzi zikawaka, imekubaliwa. Kisha, kwa jeuri tu, akaomba tisini na mbili, nayo ikapanda. Akanitazama kutoka jukwaani. Nilikuwa nalia kama mtoto, na roho ikinisuta hapohapo.

Tulirudi karibu tunakimbia. Nilikuwa nimepanga kumwambia njiani, nikashindwa, nikapanga kumwambia tukifika. Tulipofika kwenye jengo lao akanishika mkono.

"Subiri hapahapa uani, Fundi. Leo namshusha. Hata kama jua linamuumiza, leo anashuka, majirani wote wamwone."

"Winchi, ngoja kwanza."

Hakungoja. Nikamsikia anapanda, mbilimbili. Nikasikia sauti ya mama ikikataa, ikikataa tena, kisha mlango. Halafu hatua zikaanza kushuka, na mimi nikawa nazihesabu kwa sababu sijui kufanya jambo lingine. Zilipofika ishirini zikasimama. Kisha zikaendelea, taratibu sana.

Alipotokea chini, uso wake haukuwa ule wa ukumbini. Mama alikuwa kamlalia begani, macho amefumba. Winchi akanitazama, akasema polepole, kama anasoma sahani: "Hamsini na moja. Fundi, mama yangu ana kilo hamsini na moja."

Hakuna aliyempima. Mgongo wa Winchi ndio uliompima. Alipogeuka kumkalisha kwenye kile kiti cha karibu na bomba la maji, nikaona pindo la fulana yake ya mashindano, na mikono iliyokuwa imemkinga mama kwa nyuma, vimelowa usaha.

Hospitali walisema vidonda vimefika mfupani na sumu imeingia kwenye damu. Alikaa siku sita. Siku ya tano alipata fahamu kidogo, akamuuliza binti yake, "Ulisema ngapi?" Winchi akamwambia tisini na mbili. Mama akasema, "Haya," akalala. Bima ya kiwanda ilikuwa ianze kazi tarehe mosi ya mwezi uliofuata. Alizikwa tarehe ishirini na nane.

Baada ya wiki Winchi alikuja karakana kuchukua viatu vyake. Alikuwa amelifungua lile bomba kitandani, akaliweka juu ya meza yangu, rangi yake ya kijivu ikiwa nzima.

"Wewe ndiye uliyekaza nati," akasema. "Ulijua tangu lini?"

Ningeweza kudanganya. "Siku tisa," nikasema.

Alitikisa kichwa kidogo kukubali, kama mtu aliyepewa namba aliyokuwa ameshaifikia mwenyewe. Kisha akavuta daftari la bluu, akalifungua pale nilipoandika tisini na mbili kwa herufi kubwa na kuipigia mstari, akachukua penseli, akaandika chini yake kwa mwandiko wake wa shule: Mama, 51, ngazi 54, kushuka. Akachukua viatu akaondoka, hakuaga.

Nasikia sasa ananyanyua mia moja. Vijana ndio wanaoniambia, maana mimi nikipita upande ule wa reli na yeye akiwa getini, huwa anatazama pembeni mpaka nipite. Nimenunua daftari jingine kwa ajili ya wengine. Lile la bluu liko kwenye droo pamoja na nati nne za lile bomba, na chini ya mstari wake sijaandika kitu.