Taa ya Muuza Vito

Tangu biashara iwe huria, Arusha imejaliwa wataalamu wengi wa almasi, na muuza vito wa karibu na soko kuu ndiye bingwa wao. Taa yake ya mezani huwaka hata saa sita mchana, kwani, asemavyo, jua la hapa halijazoea mawe ya kifahari. Vidole vyake laini huigeuza pete polepole, kama anayembembeleza mtoto mchanga, na kwake hakuna jiwe lisilo la daraja la kwanza.

Asubuhi moja ya baridi, Kandida alikuja kuchagua pete ambayo mchumba wake Hans angemvisha Jumamosi mbele ya mashangazi kutoka Kibosho, wanawake ambao hukagua pete kabla ya kumsalimu aliyeivaa. Aliogopa jambo moja tu, kuvishwa kioo mbele yao. Muuza vito akamwekea mbili: moja ya jiwe dogo kama punje ya ulezi, nyingine ya jiwe la ukubwa wa punje ya mahindi, na kwa ukarimu wa ajabu, bei ya zote mbili ilikuwa ileile. “Chukua kubwa, dada. Hiyo ndogo mashangazi wataitafuta kwa tochi.” Kandida alizipulizia pumzi zote mbili, kwani alijua almasi halisi haishiki ukungu. Dogo liling'aa papo hapo. Kubwa lilibaki na ukungu. Muuza vito hakutikisika. “Umetoka kunywa chai ya moto, dada. Almasi kubwa huchelewa kupoa.” Kandida alilisukuma kando, akavaa ile ndogo.

“Sasa hiyo wataionaje?”

“Watasogea karibu.”