Njeri wangu alipimwa macho mara mbili, majibu yakapingana

Niaje wakuu. Hii sikusimuliwa, ilitokea nyumbani kwangu.

Shule niliachia darasa la nne. Lakini mkipita Jogoo Road mwone geti kuukuu la chuma ambalo halijalegea, ulizeni nani alilichomelea.

Miaka ya themanini tuliishi Makongeni. Binti yangu Njeri, mtoto wa miaka minne, jicho la kushoto likaanza kuvutwa kuelekea puani.

Nikampeleka duka la miwani town. Jamaa akambadilishia vioo akimuuliza kipi kizuri. Mtoto mdogo, kila kitu "ndiyo". Tukapewa miwani ya mtu asiyeona mbali.

Jicho likazidi kupinda.

Daktari wa kliniki ya macho akanieleza kwamba jicho la mtoto hujikaza, na ukilipima hivyo linakudanganya. Akatupa matone ya kutia nyumbani siku kadhaa, lilegee kwanza. Akaonya kuwa tukichelewa, la kushoto litazoea kutoona.

Matone yakapanua mboni zikawa nyeusi tii. Njeri akawa anakimbia jua, chakula anakipapasa kwenye sahani.

Mama yangu alikuwa amekuja kututembelea. Njeri ni jina lake, desturi yetu mtoto huitwa jina la nyanya yake, kwa hivyo macho yale aliyahesabu yake.

Natoka kazini nakuta jirani anayenyonyesha anamkamulia mtoto maziwa ya titi machoni, eti kuosha sumu. Chupa ya dawa mama ameifunga kwenye leso.

"Mama, nipe hiyo chupa."

"Nikupe umalize kunipofusha?"

Sikupandisha sauti. "Mama, chuma kikiwa moto sikipimi. Kimevimba, kitanidanganya. Nangoja kipoe. Daktari naye anangoja jicho lipoe."

Akafungua fundo. "Tutaenda wote. Akipofuka, nitajua mwenye nilimzaa."

Daktari hakumuuliza Njeri swali hata moja. Alimmulika, akapitisha vioo mbele ya jicho, akasoma mwanga unavyorudi. Miwani ikatoka kinyume kabisa na ile ya duka.

Akiivaa, jicho linanyooka. Lakini tulikuwa tumechelewa, la kushoto lilishazoea kutoona. Sasa Njeri ni mama wa watoto, na akiziba jicho la kulia hatambui uso wangu mpaka niongee.

Wakuu, mtoto mdogo asipimwe kwa majibu ya mdomo wake peke yake. Ulizeni habari ya matone kabla ya kununua miwani.

Mwenye alipitia haya aseme. Daktari wa macho akiwa humu, anikosoe, ingawa sidhani atapata pa kukosoa.