Shada Liliwekwa Mara Mbili

Nilijua kamera ile ni mpya mno kuaminiwa. Ilikuwa ya kidijitali, ya aina ambayo unazungusha lenzi mpaka taswira mbili kwenye kidirisha ziungane, na wapiga picha wenzangu mtandaoni walishaanza kulalamika kwamba inaganda. Fundi wangu wa Kaloleni, asiyeogopa kufungua kitu, aliigusa kwa kidole kimoja. "Hii ikikufia, usiniletee." Nikacheka, nikauza ya zamani.

Ikanifia Nkoaranga, mazikoni, katikati ya migomba. Mwongoza ratiba alikuwa akiita ndugu waje kuweka mashada. Harusini nikikosa picha, keki hulishwa tena. Kaburini hakuna kurudia. Mjane alipoinama, kamera ikaganda. Nikatoa betri, nikairudisha. Akaniona. Bila kuambiwa, akaliokota shada lake juu ya udongo, akaliweka upya, taratibu, ili nipate.

Haikupiga.

"Imetoka, mwanangu?"

"Imetoka, mama."

Sasa mtandaoni wanasema toleo jipya la kamera ile limerekebishwa. Sebuleni kwa mama yule kuna msumari ukutani, ameshaupigilia, anasubiri picha.