Kitabu Chini ya Kinu

Masika yale baba alikuwa kambini kwa wavuvi, upande wa juu wa mto, na kijijini Mofu tulibaki mama na mimi. Mwalimu wangu wa kike alikuwa ameniazima riwaya, na kila alasiri nilimsomea mama huku akipepeta. Nilikuwa nimezoea hadithi za wafalme na majini. Mwandishi huyu hakuwa na habari nao. Alikuwa na mwanamke anayechagua mchele, anayegombana na kuku, anayemfichia mumewe mkia wa samaki. Mama aliweka ungo chini akauliza mwandishi huyo alilala kwetu lini.

Tulicheka sana. Kisha tukafika pale mume wa yule mwanamke anapoingia mtumbwini na mto umefura. Mama akaweka kiganja juu ya ukurasa.

"Funga. Usimuue mume wa mtu na baba yako yuko majini."

Akakiweka kitabu sakafuni, akakifunika kwa kinu.

Kesho yake mpita njia alituambia ameona mtumbwi umepinduka, unaelea peke yake. Wa nani, hakujua. Hapo niliogopa kweli. Mimi msomi wa nyumba, niliyemcheka mama kimoyomoyo, sikuthubutu hata kufagia karibu na kile kinu. Niliona neno moja tu likitoka mle, baba amekwisha. Mama hakulia; alisema kulia mapema ni kuuita msiba. Kila jioni alipakua sehemu ya baba, na kila asubuhi tuliila kiporo bila kutazamana.

Baba alirudi kwa miguu, anatetemeka kwa homa, mtumbwi wake umekwenda na maji. Nilimpa shikamoo, nikamshika mkono kumwingiza ndani. Mama alimnywesha uji, akamfunika vizuri, ndipo akainua kinu.

"Haya, soma sasa."

Nikasoma. Yule mume hakurudi, na mkewe aliendelea kumpakulia chakula. Mama aliuliza kwao yule mwanamke ni wapi. Nikamwambia hayupo, ametungwa tu na mwandishi.

Mama alimtazama baba pale alipolala, akanitazama mimi.

"Hayupo vipi, na chakula kile nimekipakua naye?"

Akainuka, akachukua kibaba, akaanza kupima mchele wa kupeleka msibani.