Super Tonnerre ya Hewa Bora

Enzi zetu pale mtaani Hewa Bora, ukitaka kuwa mwanamuziki ilibidi kwanza uwe na chombo. Najua vijana wa leo watacheka. Chombo! Kitu cha kubeba begani, kinachoshika kutu na kupasuka ngozi! Sisi, masikini, hatukujua kwamba siku moja mtu ataweza kuimba bila hata kuwa na sauti.

Tulikuwa watatu. Kabwe, mkubwa wetu, alipiga karindula, lile banjo la pipa la mafuta na ngozi ya mbuzi, refu kuliko mpigaji mwenyewe. Dieudo alipiga ngoma. Mimi, msichana pekee, niliimba, kwa sababu Kabwe alisema sauti yangu inafika mbali, na kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali. Tulijiita Super Tonnerre, yaani radi kuu. Radi yenyewe ilikuwa na nyimbo tatu.

Kila tukitoka shule tulifanya mazoezi nyuma ya nyumba yetu. Mama yangu, mwanamke wa Kasai aliyeuza vitenge na kuamini diploma kuliko malaika, alipita na beseni lake akisema, "Muziki haipikake bukari." Kisha alikwenda kuupika ugali huo mwenyewe, akaongeza na sombe ya majani ya muhogo, nasi tukala. Hatukuona haja ya kubishana naye.

Adui wetu alikuwa jirani, Papa Muhindo, mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini aliyeuza maharage kwa magunia. Alitusalimu kama mtu anayelipia kodi kila neno. Kila tulipotulia kidogo ili Kabwe akaze nyuzi, ukuta kati yetu na yeye uligongwa: ko, ko, ko. Maana yake ilikuwa wazi: nyamazeni. Tulinyamaza. Ukuta ukagongwa kwa nguvu zaidi.

"Tumenyamaza tayari," Kabwe alinong'ona. "Sasa anataka tuache na kupumua?"

Jumamosi tulitafuta kazi. Tulibeba karindula hadi katikati ya mji, mmoja mbele na mmoja nyuma, kama watu wanaopeleka mgonjwa hospitali. Mlinzi wa mkahawa mmoja hakuangalia chombo, aliangalia viatu vyetu.

"Hapa banapigaka ba-orchestre," alisema.

"Na sisi ni orchestre," Kabwe alijibu.

"Basi mukomale kwanza."

Harusi nazo hazikututaka. Wenye harusi wa Hewa Bora walikuwa watu wa maendeleo: walitaka gitaa za umeme, na umeme wenyewe ulikatika kabla keki haijakatwa. Bibi arusi alikaa gizani na heshima yake. Sisi, ambao hatukuhitaji umeme, tulichungulia getini.

Kisha ukuta ukanyamaza. Siku ya kwanza tulishangaa, ya pili tukafurahi, na ya tatu Kabwe akatangaza kwamba adui ameshindwa. Wiki ile tulipiga kwa kelele za ushindi mpaka kuku wa Mama wakaacha kutaga.

Tulikuwa katikati ya wimbo Papa Muhindo alipoingia getini. Dieudo alijificha nyuma ya karindula, matako nje. Kabwe akasimama, kofia mkononi.

"Papa, utusamehe kwa makelele. Tutaacha."

"Makelele gani?" Papa Muhindo aliuliza. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mama yangu amekufa jana. Alikuwa mugonjwa wiki muzima."

Hatukujua hata kwamba ana mama ndani.

"Nilimutoa kule kwetu akuwe karibu na mimi," akaendelea. "Kiswahili ya huku hakuijua. Muchana hakuwa na muntu wa kuongea naye. Mukianza kupiga, anaomba bamuwekee kiti ku ukuta. Mukinyamaza, anagonga na fimbo, eti muendelee. Batoto yangu, mukuje kupiga ku kilio."

Wiki nzima tulikuwa tumesherehekea.

"Papa," nilisema, "hatujue nyimbo ya huzuni. Zetu zote ni za kucheza."

"Apana, mupige zile alikuwa anasikia."

Mama yangu alinipigia gauni pasi bila kutaja bukari, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Pale kwenye kilio, yaani matangani, kwaya ilimaliza, watu wakainamisha vichwa, na Super Tonnerre ikaanza wimbo wa kijana anayemfuata mpenzi wake sokoni. Mama mmoja wa kanisa aligeuka. "Hii ni kilio ao ni bar?" Papa Muhindo akainuka, akaja moja kwa moja upande wetu. Nilidhani ametambua kosa lake. Akainua mikono, akaanza kucheza. Alicheza vibaya, peke yake, machozi yakimdondoka kifuani. Sauti yangu ilikatika. Nikaiokota, nikaendelea. Ndipo Mama yangu akatoka kati ya wanawake, akajipanga nyuma yake, akacheza. Wengine wakafuata, hata yule wa kanisa, ingawa yeye alicheza kwa mabega tu ili Mungu asione.

Tangu siku hiyo tulikuwa maarufu. Tuliota harusi, tukapewa maiti. Tukivuka avenyu na karindula, watu walisimama: "Nani amekufa?" Mzee mmoja mwenye kikohozi alifunga mlango kila tulipopita. Lakini kwenye vilio tulilishwa vizuri mno, na Mama ikambidi atafute methali nyingine.

Kabwe alikwenda Kolwezi kuchimba madini, Dieudo akaoa, mimi nikawa mwalimu. Radi ikaisha hivyo, bila mvua.

Sasa nina mwanangu, naye ni msanii. Anafunga mlango, anaziba masikio kwa vidude, anaiambia simu mapenzi yake, na simu inamrekebishia sauti kwa huruma. Juzi alinionyesha wimbo mpya.

"Mama, bantu bamelike sana!"

"Vizuri. Na kuna aliyecheza?"

Akanitazama kama nimemuuliza bei ya chumvi enzi za Wabelgiji.

Sisi tulifukuzwa kwenye mikahawa, tukafungiwa milango, tukaliliwa na kulishwa na watu tuliowaona kwa macho. Mtoto huyu anaimba miaka yote hii, na hajawahi kufukuzwa hata na mtu mmoja. Namhurumia.