Mbili juu ya Kumi

Kuko siku moja ya vita yenye hainitoke mu kichwa, mutoto wangu. Nilikuwa nasoma secondaire hapa Butembo, na mwalimu alikuwa ananipa nane juu ya kumi mu Kifaransa. Sikia sasa vile nilifanya na ile nane.

Mama mudogo alitoka Kalunguta kwa miguu, binti yake Kavira ku mugongo, homa inamuchoma. Nikabasindikiza ku dispensaire. Docteur alikuwa mugeni, Kinande hapana, Kiswahili hapana. Infirmier, muuguzi wake, akauliza sisi banafunzi benye tulikuwa pale: "Nani atatafsiri? Kifaransa yako ni ngapi juu ya kumi?"

Basoda babili balikuwa ku mulango. Ile wakati, ukijua luga ya bageni, batu banajiuliza unatumikia nani. Hata jirani nilikuwa namushuku. Roho ikaanza kupiga, maneno yote ikanikimbia. Nikasema: "Mbili." Kakule, wa darasa letu, hakupepesa hata jicho: "Tisa!" Bakachagua yeye. Aï, debe tupu ndiyo inapigaka kelele.

Docteur akauliza kama mutoto amekwisha kunywa dawa. Mama mudogo akajibu kwa Kinande: ndiyo, quinine, asubuhi, mara mbili. Kakule akamwambia docteur: hapana, hakuna kitu.

Lakini nilisikia yote mbili! Nikawaza: huyu anadanganya juu ya nini? Nani amemutuma? Kisha nikajishuku mwenyewe: pengine nimesikia mubaya, mimi mutu wa mbili. Na docteur amekwisha kujaza sindano ya quinine; juu ya ile ya asubuhi, ingeweza kumuua.

Nikapaza sauti kwa Kifaransa ya kuvunjika: amekunywa, docteur, mara mbili! Akaweka sindano chini.

Kakule hakutumwa na mutu. Hakujua kugeuza lile jibu ku Kifaransa, akapata haya kusema hajui. Nilishuku batu bote, kumbe mwenye kunidanganya alikuwa woga yangu.

Ule Kavira njo mama yako. Na leo unakuja kuniambia: "Mama mukubwa, sitaenda ku examen d'État, Kifaransa yangu ni zero." Zero gani? Nani alikupa? Usijipime wakati roho inapiga, mutoto wangu. Uliza mwalimu, fungua cahier, daftari yako ya mwaka muzima. Woga ikikuletea points, ishuku kabla ya kuamini.

Enda ukaandike jina ku liste ya ule mutihani. Mungu akufungue kinywa, sawa vile alifungua yangu siku ile, juu mama yako aishi.