Kompyuta Tuliyoichagua kwa Uzito

Risasi ya kulehemu ikiyeyuka kwenye chuma cha fundi hutoa harufu yake peke yake, kama utomvu wa korosho uliodondokea makaa, kali na tamu kidogo. Inapanda puani na kukaa huko mpaka jioni. Juzi nilikwenda kutengenezewa simu, mjukuu nimempakata, na ule moshi uliponifikia nikasahau nilichofuata. Fundi ananiuliza, bibi, tatizo nini? Nilikuwa nimesharudi kwenye Ramadhani ya mwaka ule dunia ilipoambiwa kwamba ukiingia mwaka elfu mbili kompyuta zote zitakufa.

Msishangae naitwa bibi na meno yangu yote ninayo. Sijafika hamsini. Huku kwetu mtu hangojei mvi ndipo aitwe bibi. Mjukuu wangu ana miaka mitatu, anaitwa Somoe, jina langu mimi, na kwa akili hana mwenzake kuanzia Nanyamba mpaka baharini. Hilo siwaombi mlikubali, nawapa taarifa. Mimi mwenyewe nilisoma mpaka darasa la saba. Kwa nini niliishia pale, ndiyo habari ninayotaka kuwapa.

Tulikaa kijijini huko Mtwara, ndani kidogo kutoka Nanyamba, mikorosho mbele ya nyumba, mihogo nyuma. Baba alikuwa amekufa zamani. Aliyetusimamia ni Mjomba Nassoro, mdogo wake mama, na kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Kazi yake ilikuwa kuzunguka nyumba kwa nyumba akinunua korosho kidogo kidogo, kwa watu wenye shida wasioweza kungoja mizani ya chama cha ushirika. Msimu ukifika alinichukua twende wote, kwa sababu ya mkono wangu.

Mniache nijisifu. Nilikuwa nachota korosho konzi moja, nazitikisa karibu na sikio, nazipima kiganjani, halafu nasema. Nikisema hizi zimejaa, zimejaa. Nikisema hizi tupu, zikipasuliwa ni ganda na vumbi. Wauzaji wengine waliniona naingia uani wakaanza kununa kabla sijagusa gunia. Watu walisema mkono wa Somoe hauli rushwa, na mimi nikatembea kijiji kizima nimeubeba mkono huo kama yai.

Mwezi wa kumi na mbili majibu ya darasa la saba yakaja. Shule nzima tulichaguliwa wawili kwenda sekondari, na msichana ni mimi peke yangu. Majirani walipiga vigelegele. Mama hakupiga. Alikaa kwenye kigoda akataja vitu kimoja kimoja kama anayesoma majina ya marehemu: ada, godoro, sanduku la bati, sare, viatu, ndoo, nauli. Bei ya korosho mwaka ule ilikuwa imeanguka vibaya. Za kwetu zilikuwa zimeshauzwa zote, na fedha zake ziko kwenye pindo la kanga ya mama, fundo moja, dogo.

Ndipo Mjomba Nassoro akaja na habari yake. Alikuwa amepanda meli kwenda Dar es Salaam, na huko aliona chumba chenye kompyuta ambamo watoto wanapanga foleni kucheza mpira kwenye kioo. Wanalipa, wanacheza dakika chache, wanalia wakitolewa, wanarudi na hela nyingine. Mtwara mjini kitu hicho hakikuwepo. Kompyuta nzima hatuiwezi, alisema, lakini yupo fundi wa redio mjini anauza vipande vilivyotumika, na huwa anaviunganisha mwenyewe. Tena siku hizi anauza rahisi, kwa sababu watu wanaogopa elfu mbili. Tungefungua siku ya Idi, wakati kila mtoto ana hela ya sikukuu mkononi, na kabla ya siku ya kuripoti shule fedha zingekuwa zimerudi na watoto wake.

Mama alimuuliza kama kweli amefunga au amekula kitu. Redio yenyewe inasema mashine zitakufa mwezi ujao, na yeye anataka kununua maiti kabla haijafa.

"Dada," Mjomba akasema, "fedha hizo haziwezi kumsomesha mpaka mwisho. Mashine itaweza."

Nilidhani mama atamfukuza. Mama yangu chumvi aliipima kwa ncha ya kidole. Lakini alinitazama mimi, si yeye, kisha akafungua fundo la kanga na kumpa zote. Mimi nilirukaruka. Sikujiuliza kwa nini ametoa upesi vile.

Tulikwenda mjini tukiwa na swaumu, midomo imetukauka. Kibanda cha fundi kilikuwa karibu na soko, chembamba, kimejaa matumbo ya redio, na ndani kuna ile harufu ya risasi. Fundi Issa alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alitandika mkeka akavipanga vitu kama mtu anayeuza ndizi: makasha ya bati, vioo vyenye migongo mikubwa, mabamba ya kijani yenye michoro kama ramani. Akatueleza polepole. Huu ndio ubongo. Hii hapa inatunza mchezo. Na hii, kadi ya picha, ndiyo inayouchora mpira. Ikiwa dhaifu, wachezaji hawakimbii.

Mimi na Mjomba tulichuchumaa, tukaanza kupima. Hakuna aliyetufundisha, ndivyo tulivyojua kununua. Kitu kilichojaa ni kizito. Kitu chepesi kimeliwa ndani. Tulichukua kasha zito kuliko yote, likatutoa jasho. Tulichukua kioo ambacho Mjomba alikibeba kwa kukikumbatia kama mgonjwa. Fundi alikuwa akifungua mdomo na kuufunga.

Zikabaki kadi mbili za picha. Moja ndefu kama mkono wa mtoto, imejaa vyuma, bei yake nafuu. Ya pili ndogo, upana wa kiganja, nyepesi kama biskuti, na bei yake mara mbili.

"Ndugu yangu, hapa si kwenye magunia," Fundi Issa akamwambia Mjomba. "Hii nyepesi ni mpya. Hiyo nzito ni ya zamani, ilikuwa ya kuandikia barua ofisini. Kama huna hela ya kutosha, punguza kioo, punguza kasha, lakini hii nyepesi chukua."

Mjomba alitabasamu vile anavyotabasamu mtu akitaka kumuuzia makapi. Akanigeukia. "Somoe, mpwa wangu, sema wewe."

Nilizichukua zote mbili, moja kila kiganja. Nilifumba macho. Nawaambia ukweli, ile nyepesi niliitikisa, nikaisikiliza sikioni, na fundi akatazama pembeni.

"Hii nyepesi tupu," nikasema.

Tukachukua nzito, na hela iliyosalia tukanunua spika mbili kubwa ambazo hatukuzihitaji, kwa kuwa nazo zilikuwa nzito.

Fundi aliunganisha siku mbili. Mashine ilipowaka, kikatokea kidoti cheupe, kisha maandishi, na Mjomba akasema alhamdulillahi kwa sauti ya mtu aliyepata mtoto. Mwaka mpya ukaingia na mashine haikufa. Alikwenda mtaani kote akisema redio imeona aibu. Alipanga chumba cha mbele karibu na stendi, akaning'iniza pazia jekundu mlangoni. Mchezo wenyewe, ile sidii ya mpira, hatukuujaribu. Alikuwa ameuagiza kwa baharia mmoja wa melini, ukafika usiku wa kuamkia Idi, na umeme wa Mtwara wakati ule ulikuwa wa majenereta, usiku huo haukuwepo.

Asubuhi ya Idi umeme ulirudi. Watoto walikuwa wamejipanga mpaka barabarani, nguo mpya bado zinanukia duka, viatu vinawabana, sarafu zimelowa viganjani. Mjomba alikaa kwenye kiti na kopo la kukusanyia hela. Akaweka sidii. Zile spika zikanguruma, uwanja mzima ukashangilia, nikasikia mtetemo kwenye kifua changu na nikajiona nimeshavaa sare ya sekondari. Majani ya kijani yakajaa kioo. Wachezaji wakatokea.

Wakasimama.

Mshambuliaji aliinua mguu. Tukangoja. Mguu ukashuka. Mpira ulikuwa hapa, kisha uko kule, katikati hakuna aliyeuona. Kipa aliruka kabla haujapigwa, akabaki hewani amelala ubavu kama nguo kwenye kamba. Mtoto wa kwanza alibonyeza vitufe mpaka vidole vikawa vyekundu. Watu wakaendelea kushangilia kwenye spika, wanashangilia nini Mungu anajua.

Nyuma kwenye foleni kulikuwa na kitoto cha kike, wanja mpaka mashavuni. Kikasema kwa upole kabisa, "Mjomba, hawa wachezaji hawajaambiwa kama leo Idi? Bado wana swaumu."

Walicheka mpaka pazia likaanguka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe, kabla sijaelewa ninacheka nini.

Fundi Issa aliitwa, akaja na kanzu yake, vidole vinanukia pilau. Hakucheka. Alitazama kioo, akamtazama Mjomba, mimi hakunitazama. Alisema dawa ni ile kadi ndogo tu, na ile ndogo ilinunuliwa na mtu wa Masasi siku tatu kabla. Hata kama ingekuwepo, tungeinunua kwa hela gani? Mjomba akawarudishia watoto sarafu zao mmoja mmoja. Ilipofika alasiri chumba kilikuwa na sisi wawili tu na wale wachezaji waliosimama.

Siku ya kuripoti shule ilinikuta shambani, tunapalilia mihogo.

Ukoo ulipokaa kuuliza fedha zimekwenda wapi, Mjomba Nassoro alisema vipande alichagua yeye, mtoto alikuwa nje ya kibanda. Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya mgongo wa mama, nimesikia kila neno, na nikanyamaza. Mashine iliuzwa vipande vipande, spika zikatangulia. Msimu uliofuata Mjomba hakuja kunichukua. Alivuka Ruvuma kwenda kuhangaika Msumbiji, akawa anarudi kwa misiba tu. Mimi niliingizwa unyago, nikachezwa ngoma, nikaolewa. Kila nilipoona msichana kavaa sare nilijiambia, ungechagua ile nyepesi, ungekuwa yule. Niliishi na neno hilo miaka na miaka. Korosho sikuzipima tena; nilimwachia mwingine.

Mwanangu wa kwanza alipokaribia kumaliza la saba nilianza kuota ile Idi. Siku moja tunabangua korosho na mama, mikono imepakwa majivu utomvu usiiunguze, nikamwambia yote: kwamba nilikuwa ndani ya kibanda, kwamba kadi nilichagua mimi.

"Najua," akasema. "Nassoro hajawahi kuchagua hata kitunguu."

Kisha akanieleza, bila kuacha kubangua. Zile fedha zilitosha nauli, sanduku na nusu ya ada. Godoro hapana. Muhula wa pili hapana. Walimu wangenirudisha kabla viatu havijaanza kuchakaa, na hakuna gunia lingine lililokuwa linakuja. Zilikuwa za kunifikisha getini tu. Ndiyo maana alimpa Nassoro zote: njia ya shule aliiona mwisho wake, ya mashine hakuuona.

Nikamuuliza mbona hakuniambia, na miaka yote hiyo najiona nimejifungia mlango mwenyewe.

"Ningekwambia hakukuwa na mlango," mama akasema, "ungebaki na nini?"

Ningependa kuwaambia kwamba siku ile roho yangu ilitua, nikalala usingizi wa mtoto. Haikutua. Kosa lile nilikuwa nimelizoea. Lilinichoma, lakini lilikuwa langu, na nyuma yake nilikuwa nimemficha yule msichana ambaye angefika mbali kama angechagua vizuri. Mama aliponinyang'anya kosa, alimchukua na msichana yule.